Boti ya Wapishi

Jovitha alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, na gatini kulikuwa na tope. Hakuna aliyemwonya. Binti yake Adventina alipompigia simu kutoka Dar es Salaam na kumwambia kwamba safari hii watampeleka ziwani, wapande boti, waone wanyama, washuke kisiwani na kuogelea, Jovitha alijiambia kwamba mahali ambapo watu hulipa kiingilio hapawezi kuwa na tope. Sasa alisimama ukingoni mwa ziwa, chini ya vilima vya Kimuli, viatu mkononi, kitenge kipya amekipandisha juu ya vifundo vya miguu, akiutazama ubao mwembamba uliotoka nchi kavu kwenda kwenye boti.

"Mama, shika mkono wangu," alisema Gideon, mkwewe.

Jovitha hakuushika. Gideon alikuwa mtu wa Iringa, mcheshi, asiye na kinyongo na mtu, na asubuhi hiyo alikuwa amevaa kaptula ya kuogelea yenye maua mekundu. Tangu amwoe Adventina, Jovitha hajawahi kumtazama usoni zaidi ya kupepesa jicho mara moja. Kwa Wanyambo mkwe huheshimiwa kwa mbali. Hukai naye mkeka mmoja, huli naye, na magoti yake huna sababu ya kuyajua. Leo magoti yenyewe yalikuwa mbele yake, na mapaja juu yake.

"Ni mimi tu, Mama," Gideon alisema akicheka. "Hakuna mgeni hapa."

Jovitha aliinamisha uso, akapita ubaoni peke yake.

Ndani ya boti waliketi wageni wengine, wafanyakazi wa benki moja ya Bukoba waliovaa fulana za rangi moja, tayari wameshaanza kupigana picha. Nahodha, mtu mzima aitwaye Manirakiza, alimpa Jovitha jaketi la kuelea. Mikanda yake haikufika mbele kwa sababu ya kitenge na sweta alilovaa chini yake. Gideon alipoona anahangaika, alinyoosha mikono amfungie.

"Aa-aa, mkwe! Hapana!" Jovitha aliruka nyuma hata boti ikayumba.

Watu wa benki waliangua kicheko. Hawakucheka kwa ubaya. Adventina hakucheka. Alisogea, akamvua mama yake sweta kama anavyovuliwa mtoto, akamfunga mikanda, akachukua na simu yake ndogo ya vitufe akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Isije ikaloa," alisema.

"Unaona? Bibi ameiva," alisema Kokuberwa, mjukuu, ambaye wazazi wake walimwita Koku. Alikuwa ameshavaa miwani mikubwa ya kuzamia, ile ya kufunika macho na pua, na bomba la kuvutia hewa lilining'inia shavuni. Wengine wote walikuwa na mafuta ya jua na chupa za maji. Jovitha alikuwa na mfuko wenye ndizi alizopika alfajiri, zimefungwa kwenye jani.

Na alikuwa na neno.

Neno lenyewe lilihusu kesho. Mumewe Cleophace alikufa mwaka jana, wakamzika kibanjani kwake Ihanda, kati ya mibuni na migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku ya kumaliza matanga, Kahigi, mdogo wake marehemu, alisimama mbele ya watu akasema kibanja kisicho na mwanamume ni cha ukoo. Wazee wakasema wasubiri mtoto wa marehemu aje, maana neno la mtoto ndilo litakalosikilizwa. Mtoto alikuwa mmoja tu. Kikao kiliwekwa Jumapili, baada ya ibada. Kila Jovitha alipoligusa jambo hili kwenye simu, Adventina alijibu, "Najua, Mama. Tutaongea nikija." Sasa alikuwa amekuja, akalala hotelini Kayanga kwa sababu ya choo, na hawakuwa wameongea.

Boti iliacha gati. Jovitha alisubiri mpaka maji yakatulia pembeni yao.

"Adventina, kile kikao cha kesho..."

"Mama, tazama! Tazama kule!"

Boti nzima ilielemea upande mmoja. Mbele yao, kwenye matete, migongo ya viboko ilikuwa imelala kama mawe yaliyopakwa mafuta. Mmoja alifungua kinywa. Watu wa benki walipiga kelele, simu zikainuliwa, na Manirakiza akapunguza mwendo akawaambia wasisimame.

"Wanakaa humu mchana," alisema. "Jioni wanapanda kisiwani kula majani. Ndiyo maana mvua ikija ama isije, saa kumi lazima niwe nimewaondoa."

"Bibi, umemwona mtoto wake?" Koku aliuliza.

"Nimemwona."

"Ulikuwa umeshawahi kumwona kiboko?"

"Nimewaona. Walikuwa wanakula mahindi ya baba yangu."

Koku alidhani ni hadithi ya kuchekesha, akacheka.

Wakaendelea. Waliona minandi wamekaa juu ya mti mkavu wametandaza mabawa, mdiria akitumbukia na kutoka na kisamaki, na kwa mbali nzohe mmoja, mnyama kama swala wa majini, akisimama ndani ya mafunjo, maji yakimfika tumboni, masikio yakicheza. Ulikuwa uzuri wa kweli. Jovitha aliuona, akaufurahia kidogo, kisha akamgeukia binti yake. Adventina alikuwa akitafuta mtandao, mkono wenye simu ameuinua juu.

"Mwanangu."

"Bee, Mama."

"Nataka tuongee."

Adventina alimtazama. Kitu kilipita usoni mwake, kama mtu aliyeitwa na deni. "Jioni, Mama. Tukishatulia. Leo ni siku yako, furahi tu."

*

Kisiwa hicho kampuni ilikiita Kisiwa cha Ndege, lakini wazee wa pande zile walikiita Akazinga, kisiwa kidogo. Kilikuwa na miti mikubwa upande mmoja na nyasi upande wa pili. Kwenye kona iliyokingwa na miamba, kampuni ilikuwa imezungushia wavu wa chuma ndani ya maji ili mamba wasipite, na humo ndimo wageni waliruhusiwa kuogelea. Boti ya pili ilikuwa imetangulia na wapishi, masufuria na kuni.

Chakula kilipoiva, meza ndefu iliandaliwa chini ya turubai. Gideon alimvutia mama mkwe kiti karibu na chake. Jovitha alikitazama kile kiti, akatazama sahani zilivyopangwa bega kwa bega, na njaa ikamwisha.

"Ninyi kuleni," alisema. "Mimi nitakula huku."

"Mama, jamani," Adventina alinong'ona. "Watu wanatuangalia. Wataona tumekutenga."

"Siwezi kula na mkwe, mwanangu. Unajua."

"Hayo mambo yameisha."

"Kwako."

Akaenda nyuma, kwenye kibanda cha majani ya mgomba walipokuwa wapishi. Adela, mpishi mkuu, mwanamke mnene wa Kimuli ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alimfutia gogo kwa khanga. "Shikamoo, Mama. Karibu huku kwenye moshi. Moshi haumfukuzi mtu mzima."

"Marahaba, mwanangu."

Jovitha alifungua jani lake, akawagawia wapishi ndizi, nao wakampa samaki. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikula akashiba. Adela alimuuliza yule pale mezani mwenye miwani ya jua ni nani wake.

"Ni mtoto wangu."

"Una bahati. Wa kwangu wako Mwanza, hata simu hawapigi. Huyu amekuja na gari, amekupandisha boti!"

"Kweli," alisema Jovitha. "Nina bahati."

*

Alasiri Koku alimfuata bibi yake akamvuta mkono hadi majini. "Bibi, njoo uone. Hapa hakuna kina, hata mimi nasimama." Gideon alikuwa mbali, karibu na wavu, akipiga mbizi, kwa hiyo Jovitha alikubali. Alikunja kitenge mpaka magotini, akaingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Koku alimvalisha miwani, akamwekea bomba mdomoni.

"Uma hapa. Vuta pumzi kwa mdomo, usitumie pua. Sasa inama."

Jovitha aliinama, akauzamisha uso.

Alikuwa amechota maji ya ziwa hili utotoni, amefua ndani yake, amevuka kwa mtumbwi. Hajawahi kujua kwamba chini yake kuna mwanga. Samaki wadogo, furu, walipita mbele ya macho yake, wengine wa bluu, wengine wenye rangi kama ya kutu ubavuni, wakachungulia vidole vya miguu yake kama kuku wanaochungulia jikoni. Alicheka, na kicheko kikatoka juu ya bomba kwa sauti ya ajabu. Akainuka akikohoa, akicheka, maji yakimtiririka shingoni.

"Umewaona?" Koku alirukaruka.

"Nimewaona! Kumbe wanaishi vizuri hivi!"

"Ukija Dar utaona wakubwa zaidi. Ukishahamia kwetu tutakuwa tunaenda baharini kila Jumamosi."

"Nikija kutembea."

"Siyo kutembea, Bibi. Kukaa. Mama ameshanunua kitanda chako, kipo chumbani kwangu. Babu Kahigi ndiye atakayekaa kwako, si ndiyo?" Kisha mtoto akaona uso wa bibi yake, akaziba mdomo. "Mama alisema nisikwambie kwanza."

Jovitha alivua miwani. Alimrudishia taratibu, akamwekea mkononi na kumfunga vidole juu yake.

"Hujakosea," alisema. "Cheza."

*

Adventina alikuwa kwenye mkeka kivulini. Alipomwona mama yake akija, kitenge kimeloa, uso umekaza, alijua. Akaketi.

"Ulimwambia nini Kahigi?"

"Mama, nilitaka tuongee jioni..."

"Ulimwambia nini?"

Adventina alivuta pumzi. Tangu mwezi wa tisa alikuwa amejifunza maneno haya, akayafanyia mazoezi ofisini, kwenye foleni, bafuni. "Nilimwambia achukue kibanja. Kesho kwenye kikao niseme tu mbele ya wazee, kisha tuondoke na wewe. Mama, migomba ina mnyauko, nusu imeshakatwa. Mibuni imezeeka. Mwezi wa tisa ulianguka ukalala sakafuni mpaka asubuhi. Baba mdogo ndiye aliyekuokota, ndiye aliyenipigia. Unajua nilivyosikia? Niko mbali, nashindwa hata kukushika mkono. Nifanye nini? Niache kazi nije nilime?"

"Sikukuambia uje ulime."

"Basi?"

"Ulimuuliza Kahigi. Mimi hukuniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana huulizwa mtu." Sauti ya Jovitha haikupanda. "Na baba yako? Kaburi lake utampa Kahigi alipalilie? Kahigi ambaye siku ya matanga aliwahesabia watu mibuni? Adventina, mimi huko kwenu nitakuwa nani? Nikisikia njaa nitamwambia nani, msichana wa kazi? Hapa nikisikia njaa najua jembe liko wapi."

"Kwetu hutasikia njaa."

"Ndiyo maana mmenileta kuangalia viboko. Mlikuwa mnaniaga."

Adventina alifumbua mdomo, na hapo Gideon akatokea majini, anachuruzika, kifua wazi, kaptula imemganda. "Jamani, vipi? Mama, umeona samaki?" Alikuja mpaka ukingoni mwa mkeka, akachuchumaa kati yao, kwa moyo mwema kabisa.

Maneno yalimkauka Jovitha mdomoni. Alikuwa nayo mengi, yamejipanga, na hata moja halikuweza kutoka mbele ya mkwe aliye uchi namna ile. Akauinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua. Akageuka, akaondoka kwa njia ya nyasi, kuelekea upande wa pili wa kisiwa.

"Mwache," Adventina alimwambia mumewe, akilia. "Mwache apumue."

*

Mvua ilitoka upande wa Rwanda. Haikuanza kwa manyunyu. Ilitanguliwa na upepo uliong'oa turubai na kuangusha meza. Manirakiza alipuliza filimbi. Watu wa benki walikimbia wakicheka na kupiga mayowe, viatu mikononi. Adventina alimbeba Koku, Gideon akabeba mikoba. Kwenye boti nahodha alishusha mapazia ya plastiki, watu wakasongamana gizani, vichwa vimefunikwa mataulo.

"Mama yuko wapi?" Adventina aliuliza.

Gideon alichungulia kupitia plastiki iliyojaa matone. Boti ya pili ilikuwa inapakia masufuria, na mwanamke mmoja aliyejifunika khanga alikuwa akisaidiwa kupanda. "Yuko kwenye boti ya wapishi," alisema. "Si unajua, hataki kukaa na mimi."

Adventina alimvuta Koku karibu. Moyoni alishukuru, maana hakujua angekaaje naye bega kwa bega sasa hivi.

Ndani ya boti ya wapishi Adela naye aliuliza, "Yule mama wa ndizi?" na msichana wa jikoni akajibu, "Ameenda na watoto wake." Ikaonekana ni sawa. Mama aliyeletwa na watoto wake huondoka na watoto wake.

Boti zote mbili zikang'oa nanga.

*

Jovitha alikuwa amejikinga chini ya mti mkubwa wenye viota. Filimbi aliisikia, lakini upepo uliitawanya, akadhani ni ndege. Alipotambua, alikimbia kadiri magoti yalivyomruhusu. Alipofika kwenye miamba, ukingo ulikuwa mtupu. Mbali, kwenye maji ya kijivu, aliona nyuma ya boti moja, kisha hakuiona.

Aliita. Aliita jina la binti yake, jina la mjukuu, hata la Manirakiza. La Gideon hakuliita. Hata katika hali ile ulimi ulikataa. Akatia mkono mfukoni atoe simu, akakumbuka iliko.

Aliingia kwenye kibanda cha wapishi. Chini ya mafiga kulikuwa na makaa machache yaliyozomea kila tone lilipoyafikia. Alisogeza gogo, akakusanya majani makavu ya darini, akapuliza mpaka macho yakawasha. Moto ukashika. Alikaa karibu nao, amekumbatia magoti, viatu vya kanisani pembeni vikiwa vimevimba maji.

Mwanzoni aliogopa kama mtoto. Aliwaza mamba, aliwaza usiku. Kisha hasira ikaja: wamenisahau, kama mwavuli. Wamehesabu mataulo, wamehesabu mikoba, mimi nimebaki. Alilia kwa sauti kubwa, kwa vile hapakuwa na jirani wa kusikia, jambo ambalo hakulifanya hata msibani.

Mvua ilipopungua, viboko walianza kupanda. Alisikia kwanza wakipumua, kisha uzito wao kwenye matope. Mmoja alipita upande wa pili wa kibanda, akila nyasi, akizikata kwa sauti ya mundu. Jovitha hakujitikisa. Alijikuta anaongea taratibu kwa Kinyambo, anamweleza Cleophace: ni mkubwa, ana kovu begani, sasa amegeuka, anaenda zake. Alikuwa ameeleza mengi kabla hajatambua anachofanya. Ndivyo alivyofanya kila jioni nyumbani, akimenya ndizi. Kuongea na kujijibu kimoyomoyo. Upweke huu wa kisiwani haukuwa mgeni kwake. Aliufahamu kwa sauti yake. Tofauti ni kwamba kule Ihanda hakuna aliyempeleka kwa boti akamwacha.

*

Gatini, Gideon aliwasha gari ili Koku apate joto. Boti ya wapishi haikutua hapo. Ilitua kijijini, ng'ambo ya matete, na mvua ilikuwa bado inapiga. Wakasubiri mama aletwe. Watu wa benki waliondoka na basi lao. Wakaendelea kusubiri.

"Nitampigia," Adventina alisema. Akabonyeza namba.

Simu ililia ndani ya mkoba uliokuwa juu ya mapaja yake.

Ililia mpaka ikakata. Koku ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Bibi yuko wapi?" na Adventina akafungua mlango akakimbia kwenye mvua, hana viatu, akiita nahodha.

Manirakiza alikuwa anafunga kamba. Alisikiliza, uso ukabadilika. Akamtuma mtu kijijini kwa pikipiki. Mtu akarudi na jibu la Adela: hayupo, hakuwa nasi. Gideon alitaka kwenda. Adventina alimsukuma kifuani.

"Wewe hapana. Nitakwenda mimi."

Njia nzima alisimama mbele ya boti. Alikumbuka alivyomwambia Gideon "mwache," na shukrani ile aliyoisikia chini ya plastiki, shukrani kwamba mama yuko mahali pengine. Hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko kitu chochote. Manirakiza alizima injini mbali na ukingo, akapiga kasia, kwa sababu ya viboko. Waliona moto.

"Mama!"

"Niko huku. Piteni kwenye miamba, chini kuna mnyama."

Adventina alipanda kwa mikono na magoti. Alipomfikia alimkumbatia, na ni mama aliyempigapiga mgongoni.

"Nilidhani uko kwenye boti ya wapishi."

"Najua."

"Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani. Nilikula nao." Jovitha alimsogeza kidogo ili amtazame. "Ukinipeleka kwako, Adventina, itakuwa hivi hivi. Wewe utadhani niko na msichana wa kazi, msichana wa kazi atadhani niko na wewe. Na mimi nitakuwa chumbani, kwenye kitanda kipya."

"Na ukianguka tena huku?"

"Nitaanguka kwangu."

Adventina aliketi chini, kwenye majivu na matope. Alitaka kubishana. Alikuwa na hoja, na zilikuwa hoja za kweli. Lakini alikuwa amelowa, na mama yake alikuwa amelowa, na Manirakiza alikuwa anakohoa taratibu kuwakumbusha kwamba giza linaingia.

"Twende," alisema Jovitha. "Mtoto atakuwa anaogopa."

*

Jumapili wazee wa ukoo waliketi uani kwa Jovitha, kwenye mabenchi yaliyoazimwa. Alikuwa ameamka mapema kupika, sufuria kubwa ya ndizi na maharage, na mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, ulikuwa tayari kwenye kona. Gari la Gideon liliegeshwa barabarani, mizigo imeshafungwa juu. Gideon alikaa ndani yake, amevaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Hakuna aliyemwambia avae hivyo.

Kahigi alizungumza vizuri. Alisema yeye hana tamaa. Alisema ni yeye aliyemwokota shemeji yake sakafuni, na hilo lilikuwa kweli. Alisema mtoto mwenyewe ameshalimaliza jambo hili kwa simu, leo ni kuthibitisha tu. Wazee wakamgeukia Adventina.

Alisimama. Kinyambo chake kilikuwa kimepata kutu, akaanza nacho, akakwama, akahamia Kiswahili.

"Ni kweli nilimwambia baba mdogo achukue. Nilimwambia bila kumuuliza mwenye nyumba. Neno hilo nimelirudisha. Kibanja ni cha mama. Anakaa humu mpaka mwenyewe aseme vingine, na mkitaka kuniuliza tena, muulizeni yeye kwanza."

Minong'ono ilipita. Mzee Deodatus, mkubwa wao, alisafisha koo, akasema wazee walisubiri neno la mtoto na neno limesikika. Hakulipenda, ila alilisema.

Kahigi aliinuka. Hakupiga kelele. Alikung'uta kofia yake kwenye paja, akamtazama Jovitha.

"Haya, shemeji. Umeshinda. Kibanja ni chako. Na siku ukianguka, kibanja kikuokote."

Akaondoka, na mkewe akamfuata, na vijana wake. Wengine walibaki kidogo kwa aibu, wakaonja rubisi wamesimama, wakakumbuka ng'ombe, wakakumbuka wagonjwa. Benchi moja baada ya jingine lilibebwa kurudi lilikotoka. Sufuria haikufunuliwa.

Adventina alimkumbatia mama yake barabarani. Alisema atatafuta msichana wa kukaa naye, atakuja Pasaka, atapiga simu kila siku. Jovitha aliitikia yote. Koku alilia waziwazi. Gideon alishuka, akasimama hatua kadhaa mbali, akainamisha kichwa bila kunyoosha mkono. "Kwaheri, Mama," alisema akitazama chini, na Jovitha, naye akitazama chini, alimjibu, "Safari njema, baba," na akajisikia kumpenda.

Gari lilishuka kilima, vumbi likatua.

Alirudi uani. Aliokota vikombe, akafagia. Alipita kwa Cleophace akang'oa magugu mawili matatu yaliyoota baada ya mvua. Kutoka hapo aliona nyumba ya Kahigi, mlango uliokuwa ukikaa wazi siku zote kuelekea kwake. Ulikuwa umefungwa. Akaingia jikoni, akafunua sufuria iliyopikiwa ukoo mzima, akapakua sahani moja.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama simu ilipolia.

"Mama, tumefika Biharamulo. Tumesimama kidogo. Umekula?"

"Nimekula."

"Watu wameshaondoka?"

"Wameshaondoka."

Nyuma ya Adventina zilisikika honi na sauti za wauza mahindi ya kuchoma. "Uko na nani sasa hivi, Mama?"

Jovitha alitazama ua uliofagiliwa, benchi moja ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, na migomba iliyosimama kimya mpaka chini bondeni.

"Niko nyumbani," alisema.